Bunduki ya Upepo Iliyowekwa kwa Mpagazi

Mpagazi hakuweka kitu chini. Jembe, kibuyu, gunia la karanga, hata kikapu cha mayai alichoagizwa kukipeleka kwa katekista, vyote alivitafutia pa kuegemea. Mbele ya nyumba yake pale Igalula alikuwa amechimbia vijiti vitatu vyenye panda, na humo ndimo vitu vilimopumzikia, mbali na mchwa. Siku moja mke wa jirani alimpa mtoto amshikie kidogo ili afunge khanga yake vizuri. Alipogeuka, alimkuta mtoto ameegemezwa kwenye panda na Mpagazi kasimama kando, mikono nyuma, wote wawili wametulia. Tulicheka mpaka mbavu zikatuuma. Yeye hakuona cha kuchekesha.

Jina alikuwa nalo, lakini kijiji kizima kilimwita kwa kazi yake, na kazi yenyewe alikuwa ameiacha kabla mimi sijazaliwa. Reli ilipofika, misafara ya miguu ikafa. Sisi tuliokuja baadaye tulimkuta mzee mwenye nundu ndogo kwenye bega la kushoto, ngumu kama kisigino, iliyotengenezwa na mizigo ya watu aliyoibeba kutoka Unyanyembe mpaka Pwani na kurudi. Alizaliwa wapi, kwa nani, sijui, na sikuwahi kumwuliza. Nilimwogopa kidogo. Hata leo, nikimkumbuka nikiwa peke yangu, hukaa vizuri kwenye kiti.

Mimi nilikuwa mke wa karani wa mizigo wa stesheni. Kati ya nyumba yetu na yake palikuwa na shamba la mtama tu. Mume wangu alimwita baba ingawa hawakuwa na udugu, kwa hiyo mimi nikawa mkamwana wake, na heshima zote za ukwe zikafuata. Nilipiga magoti kumsalimu, naye aliitikia marahaba akiwa ametazama pembeni kidogo, kama inavyopasa.

Gari la moshi alilichukia, na hakuna gari lililopita Igalula bila yeye kuwapo. Alikaa ukingoni mwa reli akiwatazama makuli wakirusha mizigo, na kila gunia lilipotua kwa kishindo alifumba macho. Siku moja sanduku la mfanyabiashara mmoja wa Kanyenye lilishushwa kichwa chini miguu juu. Mpagazi akainuka, akavuka reli, akaligeuza, akarudi kukaa. Msimamizi akamfokea kwa kugusa mali isiyo yake. Mpagazi akajibu kwamba hakuligusa, alilisimamisha tu. Mume wangu aliporudi kunisimulia alikuwa anacheka, lakini niliona amejaa heshima.

Msidhani alikuwa mtu wa utaratibu katika mambo yake mwenyewe. Jembe lake lilikuwa na kutu, mpini unacheza. Paa lake lilivuja mahali pengi kiasi kwamba mvua ikinyesha alihama ndani ya nyumba yake mwenyewe, kutoka kona hii kwenda ile. Nguo aliyovaa ilikuwa imeshonwa juu ya mishono. Lakini ukimkopesha ungo, ulirudi umeoshwa, umekaushwa, na pale palipokuwa pamefumuka pamesukwa upya. Cha mtu kilikuwa kitu kingine kabisa machoni pake.

Kusoma hakujua. Badala yake alikuwa na kichwa ambacho sijaona mfano wake. Zamani za misafara, watu wa Unyanyembe walimpa maneno ya kuwapelekea ndugu zao wa Pwani, na miezi mitatu baadaye maneno yalifika bila kupungua wala kuongezeka. Nilikuwa siamini. Kisha katekista akamtuma aje aniambie kwamba sala ya Jumapili imesogezwa. Alisimama mlangoni, akayatoa maneno yote, na katikati yake akakohoa mara mbili. Nikamwuliza kama ana mafua. Akasema hana, aliyekohoa ni katekista.

Habari za safari zake alizitoa kwa nadra, na hadithi nzima aliwahi kunipa moja tu, siku tuliyokuwa tunabangua karanga. Kulikuwa na pembe ya ndovu kubwa isiyobebeka na mtu mmoja, ikafungwa kwenye mpiko, ule mti mrefu unaokaa mabegani mwa watu wawili. Mwenzake alishika mbele, yeye akashika nyuma. Siku ya nne tangu watoke, akaona mwenzake ameanza kuchechemea na anajitahidi kuficha. Mnyapara angejua, angemwacha porini, na mtu aliyeachwa porini siku zile habari yake ilikuwa imekwisha. Mpagazi akazifupisha hatua zake zilingane na zile za mwenzake mgonjwa, ili pembe isiyumbe na mnyapara asione kitu. Wakafika Pwani hivyo hivyo.

Nikamwuliza mwenzake alimshukuruje. Alinishangaa. Akaniambia mwenzake hakujua lolote. Anayeshika nyuma, alisema, anaona kila kitu cha mwenzake na hasemi, kwa sababu akisema tu, wa mbele anapoteza hatua na mzigo unaanguka. Kisha akaendelea na karanga zake. Mimi nilikuwa nimeacha kubangua.

Sasa nije kwenye bunduki. Ilikuwa bunduki ya upepo ya mume wangu, aliyoachiwa na Mzungu mmoja wa reli aliyehamishwa, ambaye aliitumia kufukuzia kunguru. Haikuwa na baruti. Ndani yake mlikuwa na springi na kiduara cha ngozi, kama kile cha pampu ya baiskeli, na upepo ndio uliosukuma risasi ndogo isiyozidi punje ya mtama. Simba angeicheka. Kwa njiwa na kanga wa shambani ilitosha, na mume wangu aliipenda kupita kiasi. Kila mwisho wa mwezi alikaa mlangoni akaufuta mtutu kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, akadondosha tone moja kwenye tundu ili ngozi ya ndani isikauke, kisha akaisimamisha nyuma ya mlango bila mfuko wowote, ipate hewa. Nilimtania kwamba angeijua mapema angeioa hiyo badala yangu.

Kuitega unaukunja mtutu kuelekea chini, springi inajibana, unaweka risasi, unaurudisha mtutu mahali pake. Kosa kubwa kuliko yote, alikuwa akiniambia, ni kuiacha imekunjwa. Springi iliyobanwa mwezi baada ya mwezi huchoka, na ikichoka imekwisha.

Vita vya pili vilipokuja, mume wangu alichukuliwa jeshini kuwa karani wa stoo. Bunduki hakuniachia mimi, kwa sababu kaka zake wangeichukua kabla gari lake halijafika Goweko. Asubuhi ya kuondoka alikimbia nayo kwa Mpagazi, akamwomba amtunzie mpaka arudi, akaenda kupanda gari. Mpagazi aliipokea kwa mikono miwili. Katika haraka ile hakuna aliyesema neno juu ya mafuta wala springi.

Wiki ya pili nilimpelekea mzee uji, nikauona mzigo. Aliufanya kama walivyofanya wao zamani. Aliufunga kwa ngozi ya ng'ombe, akaupaka samli, akaushona kwa kano, mshono mzuri ajabu, akauegemeza kwenye panda nyingine aliyoichimbia ndani, mahali pekee pa nyumba ile pasipovuja. Ilikuwa kazi ya kupendeza. Lakini nilipoitazama mara ya pili, niliona mzigo ni mfupi kuliko bunduki. Mpagazi, kwa ujuzi wake wote wa kufungasha, aliona kitu kirefu kinachokunjika, akakikunja, mzigo ukae vizuri begani. Bunduki ilikuwa imetegwa humo ndani.

“Baba,” nilimwambia, “bunduki imekunjwa, itaharibika. Tuifungue tuinyooshe.”

“Mkamwana, mzigo wa mtu haufunguliwi mpaka mwenyewe awepo.”

Nilimweleza, nikamsihi, nikarudi siku nyingine nikamsihi tena. Hakukasirika. Aliniambia tu kwamba miaka yote ya safari hakuwahi kujua kilichomo katika mzigo aliopewa umefungwa, kwa sababu hakuwahi kufungua hata mmoja, na hakuwahi kuufikisha hata mmoja umeharibika. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyokuwa mali yake yote. Mimi niliyeijua bunduki niliona kwamba safari hii hawezi kuwa nayo yote mawili. Asipofungua, mume wangu akirudi angepokea kutu na springi mfu, na mzee yule angeufikisha mzigo wake wa kwanza mbovu akiwa na mvi kichwani.

Mvua zikaanza. Ngozi ikatoa jasho, ikaanza kunuka. Mimi nililala vibaya. Nilikuwa nimejitia akilini, kama wanavyojitia wake wa askari, kwamba kile chuma kikioza, aliyekiacha naye hatarudi. Ni upuuzi, najua. Uliniuma kama kweli.

Kisha barua ikaja, ukurasa mmoja. Masista walikuwa wamenifundisha kusoma, kwa hiyo niliisoma mwenyewe. Mume wangu alisema ni mzima. Alisema wanakula wali na samaki wa kopo mpaka wamechoka. Aliuliza kama paa limeezekwa na kama ng'ombe mwekundu amezaa. Alisalimia watu wote. Habari ya bunduki haikuwamo.

Niliichukua mpaka kwa Mpagazi, nikamwomba akae, nikamsomea. Nilipomaliza habari za wali, kabla sijafika kwenye paa, nikaingiza maneno yangu. Nilisoma kwamba mume wangu anamwomba baba aifungue bunduki, ainyooshe, aifute kwa mafuta ya cherehani. Sauti haikutetemeka. Wakati ule nilijiona hodari sana.

Mpagazi aligeuza sikio kuelekea karatasi. Akaniomba nisome tena, nikasoma tena. Alipoona nimemaliza, aliipokea barua, akaiegemeza kwenye panda karibu na mzigo, akasimama wima, na akaisalimu ile karatasi kama angemsalimu mume wangu ameingia mlangoni. Mwenyewe alikuwa amekuja. Ndipo akachukua sindano ya magunia akaanza kufumua mshono.

Sitaki kukumbuka sana uso wake ngozi ilipofunguka. Mtutu ulikuwa na madoa mekundu ya kutu, na samli iliingia ndani ikageuka gundi. Tuliurudisha mtutu polepole, tukaweka risasi, akalenga kibuyu kikuukuu hatua sita tu mbele. Risasi ilitoka kwa kikohozi, ikagonga kibuyu, ikadondoka chini. Mpagazi alishika magoti yake. Akasema ameubeba mzigo vibaya, akasema hivyo mara tatu, si kwangu, kwa barua.

Siku nne hakwenda stesheni. Alisugua kutu kwa majivu laini na mafuta, akaitoa ile gundi kwa mafuta ya taa, akadondosha tone la mafuta ya cherehani ndani, akasubiri, akadondosha jingine siku ya pili. Mwezi uliofuata kibuyu kilitobolewa. Nilishangilia kama mtoto. Yeye aliinamisha kichwa tu, akaanza kuufuta mtutu.

Tangu hapo ikawa desturi. Kila mwisho wa mwezi ilinibidi niende nikasome barua ile ile, kwa kuwa bila mwenyewe kuwapo mzigo hauguswi. Na kila mwezi palikuwa na jambo jipya la kurekebisha, kwa hiyo mume wangu, akiwa huko ughaibuni, alizidi kuwa na maagizo. Mwezi mmoja alikataza ngozi, akataka kitambaa cha marekani, ile pamba ngumu isiyotiwa rangi, kilichofungwa fundo moja. Mwezi mwingine alitaka kitako kipakwe nta ya nyuki. Mwingine alisema mtutu ukishafutwa usishikwe kwa mkono wenye jasho. Sikuwa na akili ya kukariri uongo wangu. Nilifika pale baada ya wali nikatunga, kisha nikaendelea na paa.

Masika moja paa la Mpagazi lilitoboka hata juu ya ile sehemu kavu. Nilipofika asubuhi nilikuta bunduki imesimama juu ya kitanda chake, pale ambapo paa lilikuwa bado zima, na yeye amelala mlangoni, shuka limelowa chapachapa. Nilimgombeza kama binti yake. Akaniuliza kwani hilo shuka ni la nani.

Barua nyingine haikuja. Mwaka ukapita, ukaanza mwingine. Kuna wake wa askari kule kwetu walioitwa bomani wakarudi wameshika vichwa. Mimi sikuitwa, na kutoitwa nako ni mateso. Mwezi mmoja niliamua siendi tena kusoma. Ile karatasi ilikuwa imeanza kupasuka kwenye mikunjo, na kumsomea mtu maneno ya maiti niliona ni dhihaka. Jioni Mpagazi akaja mwenyewe mpaka mlangoni kwangu, barua ameishika kwa mikono miwili.

“Mkamwana,” alisema, “ni mwisho wa mwezi.”

Nikamfuata. Nilisoma mpaka kwenye paa nikashindwa, nikalia mbele ya mkwe bila aibu. Alisubiri nimalize kulia, nikamalizia salamu za watu wote, naye akafungua fundo akafuta mtutu kutoka juu mpaka chini, bila haraka, bila kuruka mahali. Nilitazama ile mikono mizee ikimtunzia mume wangu kitu chake, na nikaamini tena.

Na kweli alirudi. Alishuka kwenye gari akiwa mwembamba, sikio moja halisikii vizuri. Kabla hajanywa maji, Mpagazi alikuwa amekwishafika na mzigo begani, bega lile lile la kushoto. Akakataa kukaa. Akaita majirani wawili washuhudie, akafungua fundo, akatoa bunduki. Mume wangu aliikunja, akaweka risasi, akalenga kopo lililokuwa juu ya uzio, na kopo likaruka. Aligeuza bunduki mikononi, akanusa mtutu, akapitisha kidole kwenye kitako. Akauliza ni nani aliyemfundisha baba mambo yote haya.

“Uliniagiza mwenyewe,” alisema Mpagazi, “kwa barua.”

Mume wangu akafungua mdomo. Akanitazama. Mimi nilikuwa naangalia chungu jikoni kana kwamba kitakimbia. Akasema aa, ni kweli, vita vimemharibia kumbukumbu, akamshukuru mzee kwa kumwinamia mpaka chini. Baadaye nilimweleza, akacheka mpaka akakohoa, kisha akaacha kucheka. Tulikubaliana Mpagazi asijue kamwe. Mtu ambaye hakuwahi kufungua mzigo wa mtu bila ruhusa, mimi nilikuwa nimemfungulisha, na kwa miaka mingi. Kila nilipomsalimu baada ya hapo niliona nimembebesha deni la dhambi lisilo lake.

Tulihamia Tabora mjini. Bunduki ilitumika mpaka springi ikafa kifo chake cha halali. Miaka ikapita, na Mwingereza alikuwa bado anatawala, tulipopata habari kwamba Mpagazi hatoki tena nje. Nilipanda gari mchana nikashuka Igalula. Nilimkuta ndani, ameegemezwa ukutani kwa gunia la pumba, macho yameingia ukungu. Nikapiga magoti nikamsalimu. Alinijua kwa sauti. Akanyoosha kidole kuelekea kwenye panda, ambako kilitundikwa kile kitambaa cha marekani, na ndani yake ilikuwamo barua. Bunduki tuliichukua, barua hatukuikumbuka.

Akaniomba nimsomee. Nikaifungua ile karatasi iliyobaki vipande vinne, na niliamua kwamba leo nitaisoma ilivyo. Nikasoma kwamba ni mzima. Nikasoma wali na samaki wa kopo. Nikasoma paa.

“Umeruka,” alisema.

Nikamwambia sikuruka. Nikamwambia hapo hapana kitu, wala hapakuwahi kuwa na kitu tangu siku ya kwanza, maneno ya bunduki yalikuwa yangu, na mimi ndiye niliyemfanya afungue mzigo wa mtu. Nikamwomba anisamehe. Nilikuwa nalia tena, nyumba ile ile.

Mpagazi akageuza uso kuelekea sauti yangu. Kisha akaanza kusema, kwa sauti ya chini iliyofanana na yangu ya ujana. Aifungue, ainyooshe, aifute kwa mafuta ya cherehani. Akameza mate, pale pale nilipomeza mimi. Akaenda mwezi wa pili. Ngozi itolewe, inatoa jasho. Akaenda wa tatu, wa nne, nta ya nyuki, mkono wenye jasho, maagizo mengine niliyokuwa nimekwishayasahau mwenyewe, mwezi kwa mwezi, mpaka ule mwezi niliolia.

“Karatasi yako, mkamwana, kwingine kote ilitembea vizuri, maneno yale yale kila mwezi,” alisema. “Pale pa bunduki ilichechemea, na kila mwezi kwa mguu mwingine. Niliona tangu mwezi wa pili.”

Nikamwuliza kwa nini basi aliendelea kufungua.

“Mzigo ulikuwa unaoza na peke yangu nilikuwa siwezi kuuinua. Ukaja wewe ukashika mbele.”

Akafumba macho, amechoka. Nilitaka kuiweka barua mkekani nijifute uso. Nikajizuia, nikasimama, nikaiegemeza kwenye panda.